Namba ya spidi ya prosesa unayoiona ni ipi hasa?

Juzi jamaa kaniletea laptopu analalamika kapunjwa, aliambiwa prosesa inafika gigahezi 3.4 afu kwenye maelezo ya mfumo anaona Intel Core i5-8250U @ 1.60GHz. Nikamwambia hujapunjwa ndugu yangu, namba zote mbili ni za kweli ila kila moja inaongelea kitu chake.

Hiyo 1.60 imo ndani ya jina la prosesa lenyewe, kiwandani wameliandika humohumo kwenye chipu na Windows inalinakili tu kama lilivyo, haijapima chochote. Ni spidi ya msingi, na ile 3.4 ni ya juu kabisa inayoweza kufika ikipata kazi nzito, ndo wanaiita turbo. Ukitaka spidi ya wakati huohuo bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance halafu CPU, pale utakuta Base speed ambayo haitikisiki na pembeni yake Speed inayopanda na kushuka. Ya jamaa ilikuwa imetulia chini ya 1, tukaanza kubana faili moja kubwa ikaruka mpaka 3.3, baada ya muda joto likapanda ikashuka yenyewe kwenye 2.4 hivi. Hapo ndo akaelewa, na mimi napenda sana mtu aone kwa macho yake kuliko nimhubirie.

Kwenye Linux amri ya lscpu inakupa kiwango cha juu na cha chini, ila mi natumia hii:

watch -n1 "grep MHz /proc/cpuinfo"

Kwa prosesa hiyo zinatoka mistari 8, maana ina koa 4 (viini vinavyofanya kazi ndani ya prosesa) na kila koa inabeba thredi 2 (mikondo ya kazi), na kila mstari una namba yake, kwa hiyo hata kusema "spidi ya kompyuta" kana kwamba ni moja si sawa. Ukisoma faili la scaling_cur_freq, ambalo Linux inaandika spidi ya sasa ya kila koa, kumbuka iko kwa kilohezi, 3400000 ni gigahezi 3.4.

Mac zenye chipu ya M1 na kuendelea sysctl hw.cpufrequency haikupi kitu, tumia sudo powermetrics.

Na nyie mnaoandika kodi, ile mbinu ya zamani ya kusoma kaunta ya TSC (kihesabio cha mapigo kilicho ndani ya prosesa) mara mbili halafu unagawa kwa muda uliopita, iacheni kwa kazi hii jamani, prosesa za sasa kaunta hiyo inahesabu kwa mwendo uleule hata koa ikiwa imepanda au imeshuka, utapata namba iliyo karibu na ya msingi ukadhani turbo imekufa. Ukiona constant_tsc kwenye flags (orodha ya sifa za prosesa) za /proc/cpuinfo ujue yako iko hivyo.