Paka Mzee Anayelia Usiku Hajarogwa

Saa nane za usiku, Kirumba hapa Mwanza kimya. Paka wa miaka 15 anasimama katikati ya sebule, analia kwa sauti ndefu kama aliyepotea. Asubuhi jirani anasema, "Huyo katumwa, mtoeni." Kauli hiyo huniuma kila ninapoisikia. Usukumani tumeona bibi zetu wakisingiziwa uchawi kwa macho yaliyo mekundu kwa moshi wa kuni. Paka naye anaponzwa na uzee wake.

Ukweli ni huu: ubongo wa paka huzeeka kama wetu. Protini ya beta-amiloidi hujikusanya humo, kama inavyotokea kwa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kwa makadirio ya watafiti, paka zaidi ya robo wenye miaka 11 hadi 14 huonyesha angalau dalili moja ya ubongo kuchakaa. Wakivuka 15, ni kama nusu. Anakodolea ukuta. Anakwama nyuma ya kabati asijue pa kutokea. Mchana kutwa amelala, usiku anazurura. Amemaliza dagaa wake sasa hivi, anarudi kudai chakula.

"Anakojoa kitandani kwa kisirani." Hapana. Huenda amesahau boksi la mchanga liko wapi, au viungo vinamuuma hawezi kupanda ukingo wake. Ukimchapa unamwongezea hofu tu.

"Ni uzee, daktari wa nini?" Hii ndiyo dhana inayoua. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, presha, figo, meno, vyote huleta kilio na kuchanganyikiwa kulekule, na mengi kati ya hayo yana matibabu. Presha ikiachwa inaweza kumpofusha ghafla. Ndiyo maana daktari wa mifugo huanza kwa kuyachunguza hayo kabla ya kuutaja ubongo. Na tafadhali, usimpe parasetamo: ini la paka haliwezi kuivunja, kidonge kimoja chaweza kumuua.

Ubongo uliochakaa haurudi, ila maisha yake yanaweza kuwa mepesi. Bakuli na mkeka vibaki palepale. Tafuta boksi lenye ukingo mfupi. Washa taa ndogo usiku. Kwa wanaoishi kule milimani kwenye mawe, Mabatini au Bugarika, mfungieni ndani giza likiingia, maana njia aliyoizoea miaka yote anaweza kuisahau. Akilia, mwite jina lake taratibu, mbebe umrudishe kwenye mkeka wake.