Anayesema anataka kufa asikilizwe siku hiyo hiyo: maswali na majibu

Mawazo ya kujiua ni yapi?
Huanzia kutamani usiamke kesho na kufikia kupanga namna ya kujitoa uhai. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 700,000 wanaokufa kwa kujiua kila mwaka. Mawazo haya yanatibika.

Yanatoka wapi?
Mara nyingi kuna sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Ila ninachokisikia zaidi kwa wagonjwa ni kukata tamaa: haoni kesho itakayokuwa tofauti na leo. Kisha kujiona mzigo. "Nikiondoka watapumzika," hukuambia, na anaamini hivyo kwa dhati. Ongeza aibu, upweke, kukosa usingizi, na pombe, inayomwondolea uwezo wa kujizuia saa anapouhitaji zaidi.

Si husemwa kwamba anayetangaza hafanyi?
Si kweli. Narudia, si kweli. Wengi waliojiua walidokeza kabla. Familia hutuletea mtu akiwa tayari amejaribu, kisha zinasema: "Alikuwa akilisema hilo, tukadhani anatafuta kuonewa huruma." Na kama anaitafuta huruma, kwa nini anyimwe? Tafadhali acheni kumwambia anajiendekeza. Acheni kumwambia imani yake ni ndogo. Anayesema anaomba msaada.

Nikimuuliza waziwazi, sitamtia wazo hilo kichwani?
Hapana. Muulize: "Unafikiria kujiua?" Kisha nyamaza, umsikilize. Wengi hupata nafuu kwa kuulizwa tu.

Akikubali?
Usimwache peke yake, wala usimwahidi kumtunzia siri. Weka dawa na sumu za nyumbani mbali naye, kwa kuwa msukumo wa kujiua hupanda na kushuka, na kizuizi kidogo huweza kumvusha. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, si baada ya kikao cha familia. Akiwa na mpango, au aliwahi kujaribu, hiyo ni dharura.

Ametulia ghafla. Tusubiri?
Msisubiri. Utulivu wa ghafla wakati mwingine ni wa mtu aliyekwisha kuamua. Aliyeanzishiwa dawa za sonona naye asiachwe bila uangalizi, maana huchukua wiki kadhaa kufanya kazi vizuri, na asiziache bila kumwona daktari.

Na kama ni mimi?
Mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno yale yale: "Nawaza kujiua." Mwombe akupeleke hospitali. Akikupuuza, mwambie mwingine, au nenda mwenyewe sasa hivi.