EBow kwenye gitaa la besi: ni nini, na inashikwaje

Ukipiga uzi wa besi, sauti hupanda papo hapo kisha huanza kufifia. Kwa mpiga besi wa dansi hilo si tatizo, maana kazi yake ni kupiga, kuachia na kwenda sambamba na ngoma. Lakini akitaka noti moja iendelee bila kukatika kama ya fidla kwenye taarabu, tena ianze taratibu bila kishindo cha kidole, vidole peke yake havitoshi. Ndipo kinapoingia kifaa cha kuendeleza mtetemo wa uzi kwa umeme.

Kinachojulikana zaidi ni EBow, ubunifu wa Mmarekani Greg Heet wa mwaka 1969, kilichoingia sokoni mwaka 1976. Ni kidude kinachoenea mkononi na kutumia betri ya volti 9. Ndani yake mna koili mbili (waya uliozungushwa) na amplifaya ndogo. Koili moja hunasa mtetemo wa uzi, amplifaya huukuza, na koili ya pili huurudisha kwenye uzi uleule kwa nguvu ya sumaku. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: nguvu kidogo inatosha, mradi ije kwa wakati wake. Kwa kuwa uzi unasukumwa bila kuguswa, lazima uwe wa chuma au nikeli. Nailoni tupu haisikii sumaku.

Ziko pia mashine za aina hii zinazofungwa ndani ya gitaa lenyewe, mfano Sustainiac. Hizo huacha mikono yote miwili huru, ila gitaa inabidi lichokonolewe na fundi.

Sasa, EBow ilitengenezwa kwa gitaa la kawaida, na kwenye besi hilo unaliona mara moja. Chini yake kuna mifereji miwili ya kulalia nyuzi za jirani ili uzi wa katikati upite sawasawa kwenye sumaku. Nyuzi za besi zimeachana mno: karibu na daraja, yaani mahali nyuzi zinapokaa kwenye mwili wa gitaa, kutoka uzi hadi uzi mara nyingi ni milimita 19 hivi, takribani mara mbili ya gitaa la kawaida. Mifereji haikai. Utaegemeza upande mmoja tu, au ukishike kifaa hewani, na mkono ukilegea kidogo kinagusa uzi na amplifaya ya besi inakoroma.

Kisha kuna uzito. Uzi wa E, ulio mnene kuliko yote, ukiwa wazi (haujabanwa kwa kidole) hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na wa G, ulio mwembamba kuliko yote, mara 98. Msukumo wa EBow ni mdogo, kwa hiyo uzi mnene huchelewa kuamka, pengine usiamke kabisa. Anza na G, freti ya 12 kwenda juu (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa). Uguse uzi kidogo kwa kidole ili uanze kutetemeka, halafu leta kifaa juu yake polepole. Ukishika, utausikia ukivimba wenyewe. Hapo sogeza kifaa kuelekea pikapu, ile sumaku ya gitaa inayonasa sauti ya nyuzi: sauti inakuwa kubwa na kali. Kirudishe upande wa shingo, inapoa. Huko kwenda na kurudi kwa sentimita chache ndiko kunakochukua nafasi ya nguvu ya kidole, na ndiko kwa kufanyia mazoezi zaidi. Nyuzi nyingine zizime kwa vidole vilivyobaki, la sivyo zitavuma chinichini.

Uzi wa D unafuata bila taabu kubwa. A unataka subira. E, kwa maoni yangu, usihangaike nao ukiwa wazi. Gusa kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuubana uzi, utoe harmoniki, yaani sauti nyembamba ya juu, na kifaa kitapata mtetemo wa mara 82 kwa sekunde, ambao kinaumudu vizuri zaidi.

Kuruka kutoka uzi hadi uzi ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu kila ukihama unaanza kuamsha uzi upya. Ni afadhali kupanga wimbo uende kwa urefu wa uzi mmoja, mkono wa kushoto ukiteleza kutoka noti hadi noti. Besi isiyo na freti hunoga hasa hapo; Michael Manring wa Marekani, anayeitumia EBow kwenye besi za namna hiyo, ni mtu wa kumsikiliza kwa makini.