Magofu ya Diego Suarez: anzia mgongoni mwa mzinga

Anayefika Orangea, kwenye mlango wa ghuba ya Diego Suarez, karibu na ncha ya kaskazini ya Madagaska, husimama kwanza penye mzinga wa ngome za zamani za Wafaransa. Umekaa juu ya genge, mdomo umeelekea Bahari ya Hindi, na chuma chake kinabanduka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu. Watu hupiga picha kisha hushuka ufukweni. Ombi langu kwa kila mgeni ni moja: kabla hujashuka, geuka utazame kule mzinga ulikokupa mgongo. Habari ya ngome hizi iko upande huo.

Ghuba ya Diego Suarez ni miongoni mwa bandari kubwa za asili duniani. Imeingia ndani ya nchi kama kiganja chenye vidole, na mlango wake ni mmoja tu, mwembamba, upande wa mashariki, wenye kisiwa kidogo cha Nosy Volana. Wafaransa waliipata kwa mkataba wa 1885. Mwaka 1900 Gallieni, gavana Mfaransa wa Madagaska, alimkabidhi kazi ya kuijengea ngome afisa mhandisi aitwaye Joseph Joffre, yule yule aliyekuja kuongoza jeshi la Ufaransa Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza. Ukiutazama mlango ule kutoka juu ya genge unaelewa hesabu yao: meli yoyote inayoingia lazima ipite chini ya midomo ya mizinga. Ndiyo maana Orangea kuna mizinga, kambi, mahandaki na maghala ya baruti yaliyofukiwa nusu ardhini.

Hesabu hiyo ilijaribiwa Mei 1942. Madagaska ilikuwa chini ya serikali ya Vichy, yaani ile ya Ufaransa iliyoshirikiana na Ujerumani. Mwezi uliotangulia Wajapani walikuwa wameshambulia Colombo na Trincomalee, na manowari za Uingereza zikalazimika kurudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa. Diego Suarez ingeingia mikononi mwa Wajapani, njia ya meli kuelekea Misri na India ingekuwa hatarini. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei Waingereza walifika, lakini hawakubisha hodi mlangoni. Walizunguka upande wa magharibi, kwenye ghuba za Courrier na Ambararata, wakapenya usiku katikati ya miamba ambayo wengi waliamini haipitiki gizani. Makomando wakapanda genge na kuiteka ngome ya Courrier kabla wapiga mizinga wake hawajajua kinachoendelea. Ile mizinga mikubwa ya Orangea ilikuwa bado inatazama mashariki.

Tusimdharau Joffre, maana alikuwa ameufikiria pia upande wa nchi kavu. Kusini mwa mji wa Diego Suarez aliacha safu ya mahandaki na ngome mbili, Bellevue na Caimans, na hapo Waingereza walikwama siku nzima wakipoteza watu na vifaru. Kilichowafungulia njia ni manowari moja, Anthony. Usiku wa tarehe 6 ilipita kwa kasi katika mlango ule ule wa Orangea, mizinga ikaikosa, ikateremsha askari wapatao 50 bandarini, nyuma ya walinzi. Asubuhi ya tarehe 7 meli kubwa ya Ramillies iliifyatulia Orangea kwa dakika chache, na bendera nyeupe ikapandishwa. Wiki tatu baadaye nyambizi ndogo ya Kijapani, ya watu wawili, nayo ilijipenyeza ghubani. Ikaijeruhi Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta iitwayo British Loyalty.

Sasa adui wa ngome hizi ni chumvi. Hewa ya bahari hupeleka chumvi ndani ya zege hadi kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, na uvimbe huo hupasua zege kutoka ndani. Dari linaweza kuonekana zima ilhali kipande kizito kama gunia la saruji kinaning'inia kwa uzi wa chuma. Ndiyo maana nasema usisimame chini ya dari lenye ufa wenye rangi ya kutu, na usipande paa hata kama wenzako wamepanda. Ghala lenye harufu kali ya popo usiingie: vumbi la kinyesi chao linaweza kubeba ukungu unaoshambulia mapafu. Ukiona kitu cha chuma chenye umbo la kombora, hata kiwe kimeoza vipi, usikiguse wala usikipige teke. Rudi kwa njia uliyojia, utoe taarifa. Miaka 80 haitoshi kuifanya baruti isahau kazi yake.

Nenda na mwongozaji wa huko, uulize kwanza panapohitaji ruhusa. Pia angalia majira. Kuanzia Aprili hadi Novemba huvuma upepo ambao wenyeji wanauita varatraza. Sisi wa pwani tunaujua kama kusi. Juu ya genge unaweza kukuyumbisha. Miti unayoikuta pale, ikiwemo mibuyu isiyopatikana popote pengine duniani, iache na magome yake bila kuchonga jina.

Jambo la mwisho linatuhusu wenyewe. Wazee wetu waliiita nchi hiyo Bukini, na Juni 1942 askari wa Keya, yaani King's African Rifles, kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland, walishushwa Diego Suarez. Septemba walitua Majunga, wakatembea na kupigana hadi Antananarivo na kusini zaidi, mpaka vita vya kisiwa vilipokoma Novemba. Amri nyingi za safari ile zilitolewa kwa Kiswahili. Mjini Antsiranana, jina la sasa la Diego Suarez, kuna makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Ukitoka Orangea na bado kuna jua, pita hapo usome majina ya askari wetu.