Je, wajua manjano ya jikoni yaliwahi kuwa "uvumbuzi" Marekani?

Jikoni kwa Waamu, watu wa Lamu, manjano hayakosi. Ni ya mchuzi, ni ya singo ya bibi harusi, na mtoto akijikata nyanya humpaka kidondani. Basi mwaka 1995 chuo kikuu kimoja cha Marekani kilipewa hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, kwa kutumia manjano kuponya vidonda. India ilipinga, na mwaka 1997 hataza ikafutwa.

Ilitolewaje, ilhali hataza ni ya jambo jipya? Sheria ya Marekani ya wakati ule ilisema kitu kinachotumika nje ya nchi hiyo hakihesabiwi kuwa kinajulikana mpaka kiwe kimechapishwa. Dawa iliyojulikana kwa mdomo na kijiji kizima, mathalan Siyu ya Lamu, ilikuwa kama haipo. India ilishinda kwa sababu ilikuwa na maandishi ya kuonyesha. Kanuni hiyo iliondolewa kwa sheria ya mwaka 2011. Ulaya haikuwa nayo: hataza ya kuua kuvu kwa mafuta ya mwarobaini ilifutwa mwaka 2000, na ushahidi mzito ulikuwa wa mfanyabiashara kutoka India aliyeeleza kwamba aliyatumia kabla. Rufaa ikagonga mwamba 2005.

Kenya ina sheria yake ya kulinda maarifa ya jadi, ya mwaka 2016, na kaunti zimepewa kazi ya kuyasajili. Lakini sheria ya Kenya inaishia mpakani, na watu hawaishii hapo. Wabajuni wako Faza na Kiwayu huku Lamu, wako pia Kismayu, Somalia. Mtafiti akiruhusiwa na wazee wa Faza, wa Kismayu wameulizwa na nani? Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za mimea na maarifa ya jadi, katika ibara ya 11 inazitaka nchi zenye jamii za namna hii zijitahidi kushirikiana "inapofaa". Neno hilo linaniudhi, maana linamwachia kila mmoja aamue lini halifai.

Tarehe 24 Mei 2024, Geneva, ulipitishwa mkataba unaomtaka mwomba hataza ataje mmea au maarifa aliyotegemea yametoka wapi. Utaanza kazi nchi 15 zikishauridhia. Hata hivyo, asiyetaja hanyang'anywi hataza kwa kosa hilo peke yake. Mpaka idhihirike alikusudia kudanganya.

Wazee wengi huogopa kuandikisha: ukishaandika, si umempa mwizi ramani? Hofu hiyo ina haki. India ilianza kukusanya tiba zake kwenye hifadhi ya kompyuta mwaka 2001, na baadaye iliwafungulia wakaguzi wa hataza kwa makubaliano kwamba hawatazitoa nje. Daftari la kusajili maarifa ya Lamu nalo lifungwe hivyo, na ufunguo mmoja ukae kwa wazee wenyewe.