Kudarizi, kufuma na kuunga viraka: jinsi ya kuwatofautisha wasanii wa nyuzi

Sanaa ya nyuzi ni jina la jumla la kazi za sanaa zinazoundwa kwa uzi, kamba au kitambaa. Jina lenyewe ni pana mno, kiasi kwamba wasanii ambao mikono yao haifanyi kazi inayofanana hata kidogo hutiwa kapu moja. Njia rahisi ya kuwatenganisha ni kuuliza: je, kitambaa kilikuwepo kabla ya picha, au vyote viwili vilizaliwa pamoja?

Kwa anayedarizi, kitambaa kipo tayari. Sindano hupenya katikati ya nyuzi zilizokwisha kufumwa na kuacha rangi juu yake. Ghada Amer, aliyezaliwa Cairo mwaka 1963, hudarizi miili ya wanawake kwenye kanvasi, lakini ncha za nyuzi hazikati. Huziacha zining'inie na kusongamana, kisha huzishikiza kwa jeli ya wachoraji, ambayo hukauka ikazigandisha. Ukiwa mbali unadhani ni rangi iliyochuruzika. Ukisogea ndipo sura zinajitokeza. Mafundi wengi hufundishwa kuficha ncha za uzi, naye amezifanya ndizo mchoro.

Kinachodariziwa si lazima kiwe kitambaa, na hapa ndipo mbinu zinapoachana kweli. Kitambaa husamehe: ukifumua mshono, nyuzi zake hujirudi na tundu hufifia. Karatasi haisamehe. Maurizio Anzeri hushona moja kwa moja juu ya picha za zamani za watu asiowajua, akizifunika nyuso kwa mistari ya nyuzi za rangi. Kila tundu alilotoboa ni la kudumu, na matundu yakikaribiana sana karatasi huchanika. Joana Choumali wa Abidjan, Côte d'Ivoire, aliyepata tuzo ya upigaji picha ya Prix Pictet mwaka 2019, amekwepa tatizo hilo: picha zake za mitaani huchapishwa kwanza kwenye kanvasi, ndipo anapozidarizi polepole. Mfululizo ulioshinda ulianza baada ya shambulio la kigaidi la Machi 2016 huko Grand-Bassam, mji wa pwani wa nchi hiyo, na kushona huko kwa polepole kuna maana yake pale. Severija Inčirauskaitė-Kriaunevičienė wa Lithuania yeye amekwenda mbali zaidi. Hudarizi maua kwa mshono wa msalaba kwenye milango ya magari na vyombo vya bati. Sindano haipenyi bati, hivyo kila tundu sharti litobolewe kwanza kwa drili.

Uzi nao una tabia zake. Uzi wa pamba wa kudarizi kwa kawaida ni nyuzi sita zilizolala pamoja. Msanii huchomoa moja au mbili akitaka mstari mwembamba, au hutumia zote akitaka ulio mnene. Hariri hung'aa kwa sababu unyuzi wake una umbo linalokaribia pembetatu na hurudisha mwanga pande mbalimbali. Sufu haing'ai hivyo, lakini huvimba na kuziba matundu, ndiyo maana humfaa anayetaka kujaza eneo kubwa.

Kwa mfumaji mambo hugeuka. Hana kitambaa cha kuanzia. Nyuzi za mtande, yaani zile za urefu, hutandwa kwanza kwenye fremu, kisha mshindio, yaani uzi wa upana, hupitishwa ukipishana nazo, juu na chini, na kila mstari wa kitambaa ni mstari wa picha. Sheila Hicks, Mmarekani aliyehamia Paris miaka ya 1960, amefanya hivyo kwa vipimo viwili vinavyopingana: vipande vidogo vya kufumia mkononi, na marundo makubwa ya nyuzi zilizofungwafungwa yanayojaza chumba. Magdalena Abakanowicz wa Poland (1930–2017) alichagua mkonge. Alifumua kamba kuukuu zilizotupwa, akazitia rangi na kuzifuma upya kuwa maumbo mazito yanayoning'inia kutoka darini. Kwa pamba asingeweza: ingelegea ikaanguka kama pazia, ilhali mkonge ni mgumu kiasi cha kushika umbo.

Waunga viraka wako katikati. Kitambaa chao kipo tayari, tena mara nyingi kina michoro yake, lakini picha hutokana na kukata na kupanga. Bisa Butler wa Marekani hutengeneza picha za watu kwa tabaka za vitambaa, vikiwemo vitenge, kisha huzishona pamoja kwa cherehani ya mkono mrefu, yaani yenye nafasi pana ya kupitishia kitambaa kikubwa. Mashavu yanaweza kuwa ya zambarau na paji la uso la manjano, na bado unamwona mtu. Billie Zangewa, mzaliwa wa Malawi, hushona hariri kwa mkono na kuacha kingo zikiwa na mapengo, kana kwamba kipande kimechanwa.

Kuna swali jingine ambalo lebo za maonyesho hulipita haraka: nani alishika sindano? Ramani za dunia za Alighiero Boetti, msanii wa Italia, zilizoanza mwaka 1971, zilidariziwa na wanawake wa Afghanistan. Moja ilirudi ikiwa na bahari ya waridi. Boetti akafurahi, na kuanzia hapo akawaachia wadarizi rangi ya bahari. Kwa maoni yangu, kuanzia siku hiyo kazi ile haikuwa yake peke yake, hata kama jina linaloandikwa ni moja.

Anayelivuruga swali letu la mwanzo ni El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria. Vifuniko vya chupa hupondwa, hukunjwa, hutobolewa na kuunganishwa kwa waya wa shaba. Hakuna mtande, hakuna sindano, hakuna uzi wa nguo, ila kinachotoka hulala kwa mikunjo kama shuka zito. Tena hakina umbo moja: wanaokitundika huruhusiwa kukikunja wanavyoona, kwa hiyo kazi ileile huonekana tofauti ikihamia ukuta mwingine.