Stroka yenye supachaja: geji ya busti imeshuka, na gari linakimbia zaidi

Simu ililia saa mbili usiku, chai iko mbele yangu. Alikuwa yule kijana wa Maweni mwenye Toyota 100 ya kijivu.

"Shikamoo ami. Niwie radhi kwa usumbufu. Busti imeshuka. Zamani ilikuwa ikifika bar 0.6, sasa haipiti 0.45. Nimeikanyaga kutoka Malindi hadi Msabaha, haipandi."

"Marahaba mwanangu. Na gari linakwendaje?"

Akanyamaza kidogo. "Linakwenda sana. Lakini geji, ami..."

Nilimwambia alale, asubuhi alilete gari. Halafu nikaona heri niliandike jambo hili, maana kila nikimjengea mtu stroka yenye supachaja (stroka ni injini iliyorefushwa stroku, yaani mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu) swali huwa hili hili, na kulieleza kwa simu ni kazi.

Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Ile ya Toyota ya aina ya Roots, iliyokuja na injini ya 4A-GZE, haikandamizi hewa ndani yake. Inaichota upande mmoja na kuisukuma upande wa pili, kiasi kile kile kila inapozunguka. Presha, ndiyo hiyo busti, huzaliwa mbele yake, pale hewa inapofika na kukuta injini haiwezi kuimeza yote. Watu arobaini wakiingia chumba kimoja watabanana mpaka mlango usifungike. Wapeleke ukumbi wa harusi, watakaa kwa raha zao, na ni arobaini wale wale. Geji ya busti hupima kubanana, haihesabu watu.

Kumbe nini kilibadilika? Injini ya zamani ya kijana ilikuwa 4A-GZE yenyewe, ya hafukati (nusu gari ya mbele iliyokatwa) ya Levin AE101. Kipenyo cha silinda ni mm 81, stroku mm 77, na ujazo wake unatoka cc 1,587. Toyota walikuwa na ndugu yake, 7A-FE, ambayo wengi mnaijua kwenye Carina na Spacio. Kipenyo ni mm 81 ile ile, ila kranki ndiyo tofauti, stroku mm 85.5, nayo inafika cc 1,762. Hedi ya GZE, yaani kichwa cha injini, inakaa juu ya bloku ya 7A, matundu ya bolti yanalingana. Kwa hiyo nilichukua bloku na kranki ya 7A, nikaweka hedi na supachaja ya GZE. Wapo watakaosema hii si stroka ya kweli kwa kuwa kranki haikuchongwa Marekani na haikuletwa kwa ndege. Sina ugomvi nao. Stroku imeongezeka mm 8.5, na bloku nikaipata kwa bei ya mbuzi wawili.

Kufunga kwake kuna vikwazo vidogo vidogo. Bloku ya 7A ni ndefu kwenda juu, kwa hiyo mkanda wa taiming wa 4A haufiki, itabidi utafute mrefu zaidi. Mabomba ya supachaja nayo yanasogea. Hayo ni ya kupima na kukata, sitayaandikia insha.

Turudi kwenye geji. Injini ya mipigo minne humeza nusu ya ujazo wake kila kranki inapozunguka mara moja. Ile ya zamani ilimeza kama lita 0.79, hii ya sasa 0.88. Pampu ni ile ile, puli ni ile ile, hewa inayoletwa ni ile ile. Chukua busti ya zamani, 0.6, ongeza bar 1 ya hewa tunayovuta sote, upate 1.6. Zidisha kwa 1,587, gawa kwa 1,762. Inatoka 1.44. Toa ile bar 1, inabaki 0.44. Geji ya kijana ilisema 0.45. Mimi hapo ndipo nilipomaliza chai yangu kwa amani.

Angalia lakini, si kila busti ikishuka ni heri. Bomba likilegea au mkanda ukiteleza, geji itashuka vile vile. Ndiyo maana hesabu huja kwanza. Ikiwa hesabu inasema 0.44 na wewe unaona 0.2, chukua maji ya sabuni na brashi, upake kwenye maungio huku mtu akisukuma hewa ndani kwa kompresa. Povu litakuonyesha.

Sasa faida iko wapi kama hewa ni ile ile? Kwanza, haiwi ile ile hasa. Supachaja ya Roots huvuja kwa ndani, hewa hurudi nyuma kati ya rota na ukuta, na kadiri presha ya mbele inavyopanda ndivyo inavyovuja. Presha ikishuka, hewa zaidi inafika. Pili, kuizungusha pampu kunakula nguvu za injini yenyewe, na dhidi ya 0.45 inakula kidogo kuliko dhidi ya 0.6. Tatu, ambalo kwetu huku pwani ndilo kubwa, ni joto. Hewa ya mchana hapa Malindi inaingia na nyuzi 32. Ukichukulia kwamba ufanisi wa Roots ni nusu tu, kwa busti ya 0.6 hewa inatoka kwenye supachaja na nyuzi 120 hivi. Kwa 0.45 inatoka na kama 100. Nyuzi ishirini hizo, kabla hata ya intakula (rediata ya kupoza hewa hiyo), ndizo zinazoamua kama injini itagonga, yaani petroli kujilipukia yenyewe, au haitagonga kwa petroli tunayoipata pampu. Isipogonga, unaweza kupiga cheche mapema kidogo, na hapo nguvu zinaongezeka. Si nguvu za ajabu. Ila zinakuja chini, kuanzia mizunguko 2,000, na mtu anayepita lori la mchanga kati ya Matsangoni na Gede anazitaka huko chini.

Kosa ambalo nimeona likiua stroka nyingi ni kompresheni, yaani hewa inabanwa mara ngapi ndani ya silinda. Watu hurefusha stroku na kuacha kila kitu kama kilivyo. GZE ya AE101 ina kompresheni ya 8.9. Maana yake, pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama cc 50. Silinda moja ya 4A ni cc 397, ya 7A ni cc 440. Ukiziacha zile cc 50 na kuongeza stroku, kompresheni inaruka hadi karibu 9.8 bila wewe kugusa kitu. Kwa injini isiyo na supachaja ni zawadi. Kwa yenye supachaja, kwenye jua la Februari, ni kisu. Niliagiza pistoni za kufua (zilizofuliwa, si za kumiminwa) zenye bakuli lililochimbwa zaidi, nafasi ikawa cc 56 na nusu, kompresheni 8.8.

Na konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki. Hapa nitajisema mwenyewe. Injini yangu ya kwanza ya namna hii niliifunga na konrodi za 7A zilizotoka kiwandani, kwa sababu zilikuwa safi na mfuko ulikuwa mtupu. Konrodi hizo ni nyembamba, zilitengenezewa baba anayepeleka watoto shule. Zilivumilia miezi minne. Siku ya mwisho nilisikia kama mtu amepiga sufuria kwa nyundo, kisha oili yote ikawa barabarani. Nikashuka, nikachungulia chini, nikaona mwangaza kupitia ubavuni mwa bloku. Tangu hapo konrodi za kufua ndicho kitu cha kwanza ninachomwandikia mteja, na asipokubali simfungii.

Stroku ndefu inadai jambo jingine: pistoni inasafiri zaidi kwa muda ule ule. Kwa mizunguko 7,000, pistoni ya 4A ina mwendo wa wastani wa mita 18 kwa sekunde, ya 7A mita 20. Ile fupi ingebidi uipandishe hadi 7,800 ndipo ifike hapo. Kijana alitaka nimwekee kikomo cha 8,000 kwa ajili ya sauti. Nilimwekea 6,800. Hajagundua.

Mimi hufunga injini usiku, baada ya Isha. Watu hudhani ni mambo ya mafundi. Mchana, upepo wa kaskazi unaleta mchanga mwembamba hata kama milango imefungwa, na bloku iliyolala kwenye banda la mabati inafika nyuzi 35. Vipimo vya vitabu ni vya nyuzi 20. Pistoni ya alumini ya mm 81 ikipata joto la nyuzi 15 zaidi inanenepa kama mm 0.02. Chuma cha bloku nacho kinapanuka, ila kidogo kuliko alumini, tofauti inayobaki ni kama mm 0.01. Si nyingi, lakini nikiwa natafuta nafasi ya mm 0.07 kati ya pistoni na ukuta, sitaki kuigawa na jua. Usiku vitu vyote vimelala kwenye joto moja, maikromita pamoja navyo.

Ringi ya juu ya pistoni ndiyo inayonichukua muda. Naiingiza ndani ya silinda peke yake, naisukuma kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, sm 2 hivi chini. Kisha nachukua fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) na kuipitisha kwenye mwachano wa ncha zake. Kwa supachaja ya barabarani nataka kama mm 0.4 kwa silinda ya 81. Ya kwanza ikasoma 0.25. Mwachano huo ungefaa Spacio. Kwenye injini hii, ringi ikipata moto wa busti ingejifunga ncha kwa ncha, na ikikosa pa kwenda inang'oa kichwa cha pistoni. Natoa, napiga tupa ndogo upande mmoja tu, kutoka nje kwenda ndani, mara nne. Naondoa ukucha wa chuma kwa jiwe la mafuta. Narudisha, napima: 0.32. Tena. Silinda nne, ringi nane, na kila ringi ina silinda yake, hazichanganywi. Naziweka kwenye trei ya mayai niliyoiandika namba kwa kalamu. Usiku ule nilimaliza muadhini akijiandaa.

Beringi za konrodi nilizipa nafasi ya mm 0.05. Kanuni ya mafundi wengi ni moja ya elfu ya kipenyo, na shingo za kranki ya 7A ni mm 48. Basi.

Kiasi cha petroli na wakati wa cheche hutegemea kompyuta, na hapa kuna mtego kwa wanaopeleka gari Nairobi kutengenezewa. Nairobi iko juu ya mita 1,600, presha ya hewa huko ni kama bar 0.83. Supachaja huzidisha kile inachokuta. Ikizidisha mara 1.44, Nairobi injini inapata bar 1.2, kwetu ufukweni inapata karibu 1.46. Fundi wa huko, hata awe hodari vipi, hawezi kujaza sehemu ya ramani (jedwali la petroli na cheche ndani ya kompyuta) ambayo injini haikufika mbele yake. Gari linashuka Mombasa likiimba, linafika Malindi, linakanyagwa, na linaingia kwenye namba za kubahatisha. Hii tuliimalizia hapa hapa, kwenye barabara ya Lamu baada ya daraja la Sabaki, alfajiri, nikiwa na kompyuta mapajani. Nozeli za petroli ni za cc 440 kwa dakika. Kwenye busti niliacha mchanganyiko wa hewa 11.8 kwa petroli 1, mnene kidogo, kwa kuwa najua Januari inakuja.

Intakula ya asili ya gari hili inakaa juu ya injini. Ukitembea kwa kasi ni sawa, ila ukikwama nyuma ya tuktuk sokoni inageuka kikaango. Niliihamishia mbele ya rediata. Mwenye gari anaiosha kwa maji baridi kila Ijumaa, kwa sababu chumvi ya bahari inakula mapezi ya alumini taratibu mpaka yanamomonyoka ukiyagusa. Na namba ya injini imebadilika, kwa hiyo nilimwambia aende NTSA wabadilishe logibuku, na bima waambiwe. Akaniambia "inshallah" kwa ile sauti. Nilikataa kumpa ufunguo mpaka alipoleta karatasi.

Asubuhi ile alikuja. Nilimwandikia hesabu ya busti nyuma ya boksi la ringi, akaisoma mara mbili, akaomba puli ndogo, inayozungusha supachaja haraka zaidi, ili geji irudi 0.6. Nikamwambia ninayo, iko kwenye droo, tuendeshe kwanza mwezi mmoja tuone joto. Aliondoka hajaridhika.

Wiki ya tatu simu ikalia tena, safari hii mchana.

"Ami, klachi inateleza. Gia ya tatu, nikikanyaga, mizunguko inapanda na gari halivuti."

Nikamuuliza geji inasoma ngapi.

"0.45."

Klachi ni ile ile aliyokuwa nayo tangu injini ya 1.6. Tumeagiza nyingine Mombasa, na puli bado iko kwenye droo.